Kiraka Kando ya Baba

Siku Mama alipomkaribisha Spana kwa tabasamu, Sindano alisisimkwa mwili mzima. Na hapo ni saa tisa mchana, jua linawaka, kuku wamejilaza kivulini midomo wazi.

Maana wiki tano tu zilikuwa zimepita tangu Mama huyo huyo amtoe Spana uani kwa ufagio. Ufagio hasa, ule wa banda la kuku. "Nilikuita utengeneze pampu, sikukuita uniibie mtoto!" alimwambia. "Mtu huna hata mti uliopanda, kutwa unazunguka na mabomba, unataka kumpeleka wapi mwanangu?" Spana alirudi kinyumenyume mpaka langoni, mfuko wa vifaa unamgonga paja, bado anaomba radhi. Sindano alikuwa dirishani, macho yamemtoka. Ndiyo mapenzi hayo, jamani. Mtu anafukuzwa kama mwizi wa mayai, na wewe unaona jinsi anavyopendeza akikimbia.

Jina la Sindano alipewa na majirani kwa wembamba wake na kwa kazi yake. Yeye na mama yake walikuwa wakishona mifarishi, yale mablanketi mazito ya viraka, juu vipande vya nguo kuukuu, katikati pamba, chini bitana. Spana ni fundi pampu, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumwita jina jingine. Walipoanza kuonekana pamoja kisimani, majirani walicheka mpaka wakashika mbavu: "Hawa wakioana watazaa misumari!"

Basi leo Mama anamwita kwa sauti laini, "Karibu, karibu ndani, chai yako inapoa," na amekitoa kikombe cha kauri chenye maua, kikombe ambacho hakikuwahi kutoka kabatini tangu Baba afariki miaka saba iliyopita. Hata mchungaji wa mbuzi wa jirani, aliyewahi kuombewa chai humo akiwa na homa, alipewa kwenye kikombe cha bati.

Spana akaja. Akafuta miguu mlangoni, mara tatu kila mguu. Halafu akainamisha kichwa ili asigonge mhimili wa mlango.

Sindano alikuwa anakata uzi kwa meno. Hakuumaliza. Spana ni mfupi, mpenzi msomaji. Akisimama wima anamfikia Sindano sikioni, na huo mhimili uko juu yake kwa zaidi ya mkono mzima. Ni mtu mmoja tu aliyewahi kuinama kwenye mlango ule, na mtu huyo walimzika nyuma ya bustani ya mboga.

"Sukari?" Mama akauliza.

"Vinne, bibie. Kwani umesahau?"

Spana alikuwa hatii sukari kabisa. Siku za mwanzo alimwambia Sindano meno yake ni kama pampu mbovu, ukiyachezea yanavuja. Mama akacheka kicheko cha msichana, akatia vijiko vinne, akakoroga yeye mwenyewe. Kisha akakaa karibu na kiti cha Spana, karibu mno, akamtazama anavyokunywa.

"Kifungo," Spana akasema bila kugeuka, "kaniletee lile jembe langu. Liko juu ya boriti kwenye banda la mbuzi, upande wa nyuma."

Mkasi ulimponyoka Sindano ukaanguka sakafuni. Kifungo! Alipokuwa na miaka mitatu alimeza kifungo cha koti, Baba akakesha naye, na tangu siku hiyo hakumwita jina jingine. Hakuna aliyelijua jina hilo nje ya kuta zile. Hakuwahi kumwambia Spana, kwa aibu tu ya mapenzi.

"Si umesikia?" Mama akasema. "Nenda."

Alikwenda kwa sababu miguu ilikwenda. Akapanda juu ya ndoo, akapapasa juu ya boriti gizani mwa banda, mkono ukashika mpini. Jembe lilikuwa limefunikwa na utando wa buibui mnene kama bitana, na kutu imelila pembeni. Baba alilitafuta hilo jembe wiki nzima kabla ya homa iliyomchukua. Alikufa bila kukumbuka alikoliweka. Sindano alilishusha, mbuzi wote watatu wakimtazama wamenyamaza.

Hakulipeleka ndani. Alilitupa nyasini, akamwita Spana kutoka nje, akamvuta mkono hadi kisimani, mahali walipozoea kuongea wakijifanya wanachota maji.

"Nitazame," alimwambia.

Akamtazama. Macho yalikuwa yale yale, ya kahawia, yaliyomfanya ajichome kidole siku ya kwanza. Lakini yalimtazama kwa upendo wa mzazi, upendo wa kumpangusa mtoto makamasi.

"Pampu inavuja. Hebu ifungue uone."

Spana akaichukua spana mfukoni mwake, akaigeuza huku, akaigeuza kule. "Hiki kinashikwaje?"

"Unanitania."

"Sikutanii, mwanangu."

Loo! Neno hilo lilimchoma Sindano kuliko kama angemtukana. "Mimi na wewe tulikutana wapi?" akamuuliza, sauti imeanza kupanda. "Nijibu! Tulikutana wapi?"

"Si mle mle ndani? Mvua ilikuwa inanyesha, nikamfuata mkunga kwa miguu. Tulivyorudi tukakuta umeshatoka, unalia kama paka."

Sindano akamkamata ukosi kwa mikono miwili, akamtikisa. Alimtikisa kwa hasira na kwa hofu na kwa yale mapenzi yote aliyokuwa ameyaficha wiki tano. "Spana! Wewe Spana! Usinifanyie hivi, rudi, nakwambia rudi!"

Kitu kikageuka nyuma ya macho yale. Jasho jembamba likamtoka juu ya mdomo. Akapepesa macho mara mbili tatu, akazitazama nyasi, pampu, mikono yake.

"Sindano?" akasema, na safari hii ilikuwa sauti yake, ile yenye mikwaruzo. "Nimefika saa ngapi hapa?"

"Umefika sasa hivi. Umekunywa na chai."

"Sikumbuki chai." Akajishika kifua. "Sindano, mimi nina ugonjwa. Jana nilijaribu kuikumbuka sura ya mama yangu, nikakosa. Ikaja sura ya bibi mwingine kabisa, ana kovu shavuni, anapepeta nafaka."

Bibi mzaa baba wa Sindano alikuwa na kovu shavuni.

"Kuna mtu humu ndani," Spana akaendelea, akijigonga kifuani kwa kidole. "Na ni mtu mwema, sitaki kumsingizia. Tukikutana ananipisha, anasema samahani. Lakini anajaa. Kila siku anajaa, mimi nasogea pembeni, na pembeni sasa pamekwisha."

"Tangu lini?"

"Tangu ile wiki uliyoniambia umenishona kwenu."

Hapo ndipo ulimwengu ulipomgeukia Sindano. Akaelewa, na alivyoelewa alitamani ardhi ipasuke.

Nikueleze. Katika chumba cha nyuma cha nyumba ile kulikuwa na mfarishi mmoja usiouzwa, umetandazwa juu ya fremu ya mbao, miguu minne kama kitanda. Huo ulikuwa wa ukoo. Kila aliyezaliwa, kuoa au kuolewa humo alikatiwa kiraka kutoka nguo aliyoitolea jasho, kikashonwa mahali pake. Na kila kiraka kilizungushiwa ukanda mweupe wa upana wa vidole viwili, pande zote nne, kisiguse cha mwenzake. "Viraka visigusane," ndivyo Mama alivyofundishwa na mama mkwe wake, na ndivyo alivyomfundisha binti yake. Sindano hakuuliza kwa nini. Alidhani ni urembo tu, macho yapate kupumzika.

Siku ile ya ufagio, shati la Spana lilinasa kwenye waya wa lango likaacha kipande cha mkono, cha bluu, kinanukia grisi. Sindano alikiokota akalala nacho wiki nzima. Halafu, Mama alipokwenda sokoni, aliingia chumba cha nyuma akakishona kwenye mfarishi wa ukoo. Aliona Mama atakapokuja kugundua, mkwe atakuwa ameshaingia, na kilichoingia kwa sindano hakitolewi kwa ufagio. Kitambaa cheupe kilikuwa kimekwisha. Alikuwa na haraka, na nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, kando ya kiraka cha Baba. Basi akavishona vikapakana, ukingo kwa ukingo, mshono mmoja. Akaona hata vinapendeza, bluu na kijivu.

"Usiondoke hapa," akamwambia Spana. "Ukimsikia anakuja, taja jina langu. Litaje tu, usinyamaze."

Akakimbia ndani, akachukua wembe wake wa kufumulia. Mama alikuwa ameshaketi kwenye kigoda, mgongo umeegemea mlango wa chumba cha nyuma, mikono imepakatwa. Alikuwa anamsubiri.

"Nipishe, Mama."

"Unataka nini humo?"

"Unajua ninachotaka."

Mama hakukana. Aliinamisha macho akaanza kunyoosha pindo la gauni lake juu ya magoti, polepole, kama anapima. "Nilikiona siku ya tatu," alisema. "Nilishika wembe kama huo ulioshika. Nilitaka nikitoe nikutupie usoni. Halafu nikamsikia huyo kijana wako nje ya lango anampigia mbuzi mluzi. Ule mluzi, Sindano. Kuna mwanamume mmoja tu aliyewahi kumpigia mbuzi mluzi wa namna ile."

"Ulijua! Ulijua wiki zote hizi ukanyamaza?"

"Miaka saba," Mama akasema. "Miaka saba napika chai ya kikombe kimoja na nusu, kwa sababu mkono umezoea viwili. Wewe una ujana, utapata fundi mwingine. Dunia imejaa mafundi."

"Simtaki mwingine! Namtaka huyu, na anakufa, Mama! Anakufa akiwa amesimama! Hajui hata kushika spana, hamkumbuki mama aliyemzaa. Huyo mama yake naye hapiki chai?"

Mama aliukaza mgongo wake mlangoni.

"Ulimkataa," Sindano akaendelea, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka bila kuyajali. "Ulimfukuza kama mbwa. Leo unamtilia sukari na kumwangalia midomo. Huoni aibu? Ni mchumba wangu yule."

"Ni mume wangu!" Mama akapiga kelele, na kelele ile iliwatisha wote wawili. Akajiziba mdomo kwa viganja. Walibaki hivyo, mmoja amesimama na wembe, mwingine amekaa, wote wanalia.

Hatua zikaja sebuleni. Miguu ikafutwa mlangoni, mara tatu, mara tatu. Kichwa kikainama. Spana akaingia, na midomo yake ilikuwa bado inacheza cheza, "Sindano, Sindano, Sindano," ikififia, mpaka ikanyamaza kabisa. Akawatazama kwa zamu. Uso ulikuwa mpole na wenye wasiwasi.

"Mbona mnalia?" akauliza. "Nani amekufa humu ndani?"

Upepo ulisukuma pazia likajaa, likarudi.

"Nimeuliza, bibie. Nani amekufa? Ni mama? Niambieni, mimi si mtoto."

Sindano alimtazama mama yake. Angeweza kusema yeye, neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Lakini aliona Mama anavyolitafuta neno hilo mwenyewe, akajua kwamba akisema yeye hatasamehewa mpaka kiama.

"Keti," Mama akasema hatimaye. Akainuka, akampisha kigoda, akapiga magoti sakafuni mbele yake. Akamshika mikono yote miwili. "Ni wewe, mume wangu. Ulishikwa na homa siku nne. Ya tano ilikuwa asubuhi ya Jumatano."

Alifikiri sana. Akavigeuza viganja vyake, akatazama makovu ya mabomba, kucha zenye grisi, vidole vifupi.

"Ahaa," akasema. "Ndiyo maana hii mikono sijui imetoka wapi." Akaikunja ngumi, akaikunjua. "Na huyu kijana mwenye mikono, ni wa nani?"

"Ni wa Sindano."

"Wa Kifungo wangu?" Akatabasamu, halafu tabasamu likaondoka. "Basi mmenikalisha kwenye nyumba ya watu, bibie. Na mwenyewe nimemweka nje."

Mama aliweka paji la uso juu ya mikono ile. Alikaa hivyo mpaka Sindano akadhani hatainuka tena. Alipoinuka alikuwa na sura ya mtu aliyetoka kubeba mzigo mzito. Akausukuma mlango wa chumba cha nyuma.

"Fumua," akasema. "Ila polepole. Usikate mishono mitatu kwa pamoja kama ulivyozoea."

Wakaingia wote. Jua la mchana liliingia dirishani likakaa juu ya mfarishi, juu ya shangazi na wajomba na watoto waliokufa wachanga, kila mmoja ndani ya ukanda wake mweupe. Na pale pembeni, bila ukanda, bluu imeegemea kijivu. Sindano alipoweka kidole juu ya mshono alihisi joto, kama kitambaa kilichotoka kuvuliwa sasa hivi. Aliutoa mkono haraka, akajikaza, akaurudisha.

Akakata mshono wa kwanza.

"Mbuzi mweupe alizaa?" Baba akauliza. Alikuwa amekaa ukingoni mwa fremu, mkono wake mkononi mwa Mama.

"Alizaa mapacha," Mama akajibu. "Mmoja mkorofi, kala shuka zima kwenye kamba."

"Jike?"

"Dume."

"Nilijua." Akacheka. "Na ule mpapai?"

"Upepo uliuangusha. Nilipanda mwingine mwaka huu, haujazaa."

Kila uzi uliokatwa ulitoa mlio mdogo, tik, na kila mara sauti ile ilipungua kidogo, ikaanza kuingiwa na mikwaruzo. Sindano alikuwa anaona kwa shida kwa sababu ya machozi. Mara mbili alitaka kusimama. Mara ya pili Mama, bila kumtazama, alisema tu, "Endelea," kisha akageuka tena kwa mumewe kama hakuna kitu. "Jirani aliolewa."

"Yule mwenye maneno mengi? Nani kamweza?"

"Kiziwi mmoja."

Wakacheka wote, hata Sindano, kamasi na machozi vikichanganyika. Ilibaki mishono minne, kisha mitatu. Baba aliugeuza uso kwa binti yake. Akautazama wembe, akamtazama yeye.

"Mkono wako umekuwa mwepesi, Kifungo," akasema.

"Nimefundishwa na Mama."

"Najua nani kakufundisha." Ilibaki miwili, kisha mmoja. Akamgeukia mkewe, akaukaza mkono wake. "Na wewe, bibie, hiyo miguu yako inayovimba, bado una..."

Tik. Sindano hakuwa amekusudia. Uzi wa mwisho ulikuwa umechakaa, ulikatika wenyewe wembe ulipougusa.

Viraka viliachana. Joto lilitoka kwenye kitambaa mara moja, na kile cha kijivu kikawa kitambaa tu. Mama alibaki akisubiri lile swali limalizike, kichwa kimeinama upande mmoja, midomo imeshaanza kujibu.

Spana akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetolewa kisimani. Akatazama chumba. Akamwona Sindano na wembe wake, na macho yake yakamjua, yakamjua kweli. Kisha akaona mkono wake uko ndani ya mikono ya mwanamke aliyemfukuza kwa ufagio. Akautoa haraka, uso umemshuka kwa aibu. Akasimama wima. Akapiga hatua mbili nyuma, akajifuta viganja kwenye suruali, akainamisha kichwa kidogo mbele ya mama mzazi wa mchumba wake.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mama alimtazama. Alimtazama usoni, macho kwa macho, akitafuta, na Sindano alimwona anavyotafuta na alivyokosa. Mikono yake ilikuwa bado imekunjwa kwa umbo la mkono uliotoka. Nje mbuzi alilia, na hakuna aliyempigia mluzi.

"Marahaba," Mama akasema. Akaikunjua ile mikono, akaanza upya. "Marahaba, mwanangu."